Saini ya Mama Haikuwepo

Katika arusi ya mwanangu wa pili, kaka yangu mkubwa alishika kipaza sauti akasema uongo. Nalitumia neno hilo kwa makusudi, baada ya kulipima. Nilifanya kazi miaka mingi katika masjala ya idara moja ya serikali huku Oman, Matrah, madirisha yetu yakitazama winchi za Bandari ya Sultan Qaboos, na kazi ile ilinifundisha kutenganisha kosa, sahau na uongo. Mwenye kosa akionyeshwa hukubali. Mwenye kusahau akikumbushwa hushukuru. Muongo ni yule anayelijua jambo lilivyokuwa, akalisema vingine kwa kuwa vingine vinampendeza.

Alisema hivi, na maneno yake niliyaandika siku ileile kabla sijavua kilemba: "Jamaa, huyu bwana arusi mnayemwona leo alitaka kutupotea. Mamake alikuwa keshamdekeza, kesha kumharibu. Ni siye wanaume wa ukoo tuliokaa kwenye sabla tukamshika mkono. Ndiyo leo mnamwona mtu."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Wanawake walikuwa katika ukumbi wa pili, nyuma ya ukuta, na vipaza sauti vilikuwa vimetundikwa huko pia ili nao wasikie hotuba na dua. Kwa hiyo mke wangu aliyasikia yote, ameketi mbele ya wageni wake na dhahabu zake, mama wa bwana arusi, akielezwa kwa sauti ya umeme kwamba yeye ndiye aliyekuwa ugonjwa na wengine ndio waliokuwa dawa.

Mimi nilinyamaza. Nilijiambia kuwa arusi ni ya mwanangu na kwamba mtu mwenye adabu hanyang'anyi kipaza sauti. Tulipokuwa garini tukirudi nyumbani, mke wangu, ambaye hana desturi ya kulalamika, alisema neno moja tu:

"Na weye ukanyamaza."

Hakusema jingine, na hajalirudia tangu siku hiyo. Mimi ndiye ninayelirudia. Sasa nimestaafu, nafasi ninayo, na jambo hili nitaliweka sawa kama nilivyokuwa nikiweka majalada ya watu nisiowajua.

Tulikaa Hail, katika nyumba tuliyoijenga polepole, karibu na bahari kiasi cha kusikia chumvi katika nguo zilizoanikwa. Mke wangu alikuwa muuguzi katika kituo cha afya. Binti yetu wa kwanza alifika miaka kumi na minne katikati ya miaka ya tisini. Mvulana alimfuata kwa miaka miwili. Wa tatu alikuwa bado mdogo, hamo katika habari hii.

Binti ndiye aliyetufungulia mlango wa balaa. Siku moja alinijia mimi akataka kwenda bustani ya Qurum na wenzake wa skuli. "Mama keshakubali," akasema, "ila kanambia nikuulize na weye, kwa adabu." Nikakubali. Kumbe nusu saa kabla alikwishamwendea mamake jikoni: "Baba keshakubali, kanambia nikwambie tu." Alasiri ile mimi na mke wangu tulikutana ukumbini, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa ulaini wake.

"Umekuwa mpole siku hizi, baba watoto."

"Mimi? Si weye uliyemruhusu!"

Tukatazamana. Tukacheka, kisha tukaacha kucheka, kwa sababu tuliona sote wawili kwamba mtoto wa miaka kumi na minne ametuendesha kama punda wawili wa mkokoteni mmoja.

Katika masjala tulikuwa na kanuni isiyokuwa na mzaha: jalada halitoki bila saini mbili, ya anayelitoa na ya anayelipokea. Mkubwa wangu wa kwanza alipata kumrudisha mkurugenzi mlangoni kwa sababu karatasi yake ilikuwa na saini moja. Nikaichukua kanuni ile nikaileta nyumbani. Nilinunua daftari la mistari, nikalitoboa pembeni, mke wangu akatia uzi, akafunga na kalamu kwa uzi wake, tukalitundika kwenye msumari kando ya friji. Anayetaka ruhusa yoyote aliandika ombi lake: anakwenda wapi, na nani, atarudi saa ngapi. Chini yake saini ya baba na saini ya mama. Ombi lenye saini moja si ruhusa.

Tulichekwa. Wifi mdogo wa mke wangu alikuja kututembelea, akalisoma daftari kutoka mwanzo hadi mwisho akiwa na kikombe cha chai mkononi, akauliza: "Na mtu akitaka kwenda chooni kwenu ajaze fomu?" Watoto wakaipa nyumba yetu jina la Wizara. Wakichekwa na wenzao, walikuja juu. Binti alipata kuandika ombi la kuruhusiwa kukasirika. Tulilitia saini wote wawili.

Kanuni ya pili hatukuiandika: hatubishani mbele ya watoto. Ikitokea kwamba mimi nataka hivi na mwenzangu anataka vile, tuliingia garini baada ya sala ya alasiri, tukaenda ufukweni Hail, tukapandisha vioo, tukagombana mle ndani kiyoyozi kikivuma. Tuligombana kwelikweli. Tulipomaliza tulirudi nyumbani na kauli moja, na watoto hawakujua ilikuwa ya nani. Majirani walidhani tunakwenda kupunga upepo kama maharusi. Mmoja alimwambia mke wangu, "Mashaallah, mume wako bado anakupenda." Mke wangu akajibu, "Leo kanipenda mpaka koo limenikauka."

Nayaeleza haya ili ijulikane ni nyumba ya namna gani niliyoivunja.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mvulana alitimiza kumi na tano, na skuli ikaanza kuleta barua. Haonekani darasani. Ameonekana asubuhi, mchana hayupo. Tulimuuliza, akajibu kwa yale majibu ya umri ule, ambayo si ndiyo wala siyo, bali ni bega. Alama zake zilianguka. Nilipandisha sauti, ilimpita kama upepo unavyompita nyumbu. Mke wangu alikaa naye kitandani kwake saa nzima, akatoka na machozi na bila habari.

Habari ililetwa na kaka yangu. Alipeleka gari lake Ghala, kule kwenye magereji, na alipokuwa akingoja aliona kanzu nyeupe ya skuli imetundikwa kwenye msumari ukutani, na juu yake kofia. Kofia ile aliijua. Ilishonwa na marehemu mama yetu, kila kitobo kwa mkono wake, na hakuna nyingine yenye nakshi ile katika Oman nzima. Akatazama chini ya gari, akaiona miguu ya mwanangu.

Hakumwita. Hakunipigia simu. Alingoja Ijumaa.

Katika ukoo wetu, kila Ijumaa baada ya sala tulikula nyumbani kwa kaka, na wake zetu walipika kwa zamu. Wanaume tulikaa kwenye sabla, chumba cha wageni chenye mlango wake wa nje. Wanawake walikaa ndani. Baina ya sabla na ndani upo mlango mwingine, na wakati wa kula hufungwa. Sinia hupitishwa mlango ukifunguliwa kiasi cha mkono, kisha hufungwa tena. Ijumaa ile zamu ya kupika ilikuwa ya mke wangu. Nataka hilo lisomwe mara mbili. Zamu ilikuwa yake.

Tulikuwa watatu: kaka, ami yetu mzee, na mimi. Kaka aliosha mikono, akasema bismillahi, akameza tonge la kwanza, ndipo akaanza.

"Mtoto umempoteza, mdogo wangu."

"Hajapotea, kaka. Kakosa skuli siku kadhaa, tunamshughulikia."

"Siku kadhaa! Nimemkuta Ghala, kalala chini ya gari la watu, grisi imemjaa hata puani. Mtoto wa mkuu wa masjala! Na kofia ya mama kaitundika penye msumari wa matambara. Ya mama!"

Ami alitikisa kichwa. "Mpelekeni Unguja kwa shangazi lake. Kule chuo cha Kurani kipo, bakora ipo. Miaka miwili tu, anarudi kanyooka kama uzi."

"Nitazungumza na mamake," nikasema.

"Mamake?" Kaka aliacha kula. "Mamake ndiye maradhi. Weye wataka kuyauliza maradhi khabari za dawa?"

Wakati huohuo mlango wa ndani ulifunguliwa kiasi cha mkono. Mkono wa mke wangu, nao nilikuwa nikiujua kwa pete yake na kwa alama ya kuungua karibu na kidole gumba, ulisukuma bakuli la kachumbari. Kaka akabadilisha sauti papo hapo, ikawa ya asali.

"Ahsante shemeji! Pilau ya leo haina mfano."

"Kuleni kwa furaha, shemeji," sauti yake ikajibu. Mlango ukafungwa.

Na tukala. Nilikula na mimi. Tuliikata hukumu ya mwanawe tukiwa na chakula chake mdomoni, naye yuko nyuma ya ubao wa unene wa vidole viwili, akitupakulia mwingine. Ilipoletwa halwa na kahawa, mambo yalikuwa yamekwisha: nitaleta pasi ya kusafiria ya mtoto, nitatia saini barua ya idhini, kaka atashughulikia safari, dada yetu aliyebaki Unguja ataarifiwa. Sikulazimishwa. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Niliona haya mbele ya kaka na ami, nikaona afadhali kumpoteza mwana kwa miaka miwili kuliko kupoteza uso kwa alasiri moja.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea pasi na barua yenye saini yangu. Saini moja. Mtu ambaye kwa miaka yote ile hakuruhusu hata jalada la vifaa vya kufagilia litoke kwa saini moja, alimtoa mwanawe.

Mke wangu sikumwambia.

Siku tisa zilipita. Siku ya kumi nilirudi kutoka kazini saa nane na nusu kama kawaida, njaa ikiniuma. Meza ilikuwa imeandaliwa. Mahali pa sahani yangu palikuwa na daftari la jikoni, uzi wake ukining'inia.

"Hiki nini?" nikauliza.

"Kisome."

Niliusoma ukurasa wa mwisho. Ombi la binti la kwenda kwa mwenzake kusoma. Saini mbili.

"Sioni kitu."

"Nami nimetafuta tangu saa tano, sikukiona," akasema. Alikuwa bado amevaa sare yake ya kituo cha afya. "Kapiga simu wifi kutoka Unguja. Ataka kujua mtoto apenda chumba cha juu au cha chini. Nikamuuliza, chumba gani wifi? Akacheka, adhani nafanya mzaha. Mtoto anavuka bahari, baba watoto, na humu hamna ombi, hamna saini yako, hamna yangu. Binti akitaka kwenda Qurum kula aiskrimu twatia saini watu wawili."

Nilichukua ufunguo wa gari. Chakula hatukukila.

Ufukweni tulipandisha vioo. Nilianza na mambo ya ukoo, heshima, mkubwa ni mkubwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kama wanavyouliza wauguzi, kwa utulivu unaotisha:

"Mliamua siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ile ya zamu yako."

Alitazama mbele. Palikuwa na watoto wanacheza mpira mchangani, na mpira ulitugonga kwenye boneti, hapana aliyeushughulikia.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Niliwaletea kachumbari. Shemeji akanisifia pilau."

"Ndiyo."

"Mlikuwa mwamgawa mwanangu na pilau yangu mnaila. Na weye ulikuwa umekaa wapi? Nambie tu nijue. Ulikuwa umekaa upande upi wa sinia?"

Nikamwambia kwamba miaka miwili si mingi. Hapo ndipo alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza. Akanikumbusha mtoto wa kwanza wa kaka yangu, ambaye naye alipelekwa Unguja kunyooshwa alipokuwa na umri ule, akakaa miaka mitatu. "Alirudi, kweli, kanyooka. Kamwamkia mamake, kakaa kwenye kiti cha wageni. Mpaka leo akija kwao hupiga hodi. Mlango wa mamake! Ndiyo dawa yenyewe hiyo? Sitaki mwana wa kunipigia hodi."

Nitaandika na upande wake pia, kwa sababu yeye mwenyewe aliuleta mezani. Alisema kwamba kwa wiki kadhaa, alipofua nguo za mtoto, alisikia harufu ya mafuta ya gari, akazitia sabuni mara ya pili na kunyamaza, kwa kuogopa hasira zangu. "Nami n'na kosa langu," akasema. "Kosa langu ni kukuogopa. Lako ni kuwaogopa wao. Sasa washa gari."

Hatukurudi nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa kaka. Aliingia nami kwa mlango wa nje, kwenye sabla, mahali ambapo kwa miaka yote ya ndoa yetu hakupata kukanyaga wakati wanaume wamo. Kaka alikuwa akinywa kahawa na ami.

"Shemeji," kaka akasema akiinuka nusu, "wenzio wapo ndani."

"Nitawaona baadaye, shemeji. Nimekuja kwako. Nataka pasi ya mwanangu."

Kaka akanitazama mimi. "Na weye umeletwa?"

"Tumekuja wawili," nikasema.

"Jambo limekwisha semwa, mdogo wangu. Ukoo umesema."

"Ukoo hauna saini katika nyumba yangu, kaka. Barua ile nimeibatilisha. Ilikuwa na saini moja."

Ami akaguna. Kaka alicheka, kile kicheko chake cha puani. "Umeolewa, yakhe! Mkuu wa masjala kaolewa! Haya, mchukueni mkamlee fundi grisi. Akija kuwaaibisha msinibishie hodi."

Aliingia ndani, akarudi na pasi, akaitupa juu ya mkeka. Hakunipa mkononi; aliitupa. Mke wangu aliinama akaiokota, akaipangusa kwa upindo wa buibui lake, akasema, "Ahsante, shemeji," kwa sauti ileile ya kachumbari. Tukatoka. Kwa mwaka mzima baada ya hapo kaka hakukanyaga nyumbani kwetu. Hilo nalo liandikwe karibu na maneno yake ya kipaza sauti.

Asubuhi iliyofuata tuliomba ruhusa kazini sote wawili tukaenda Ghala. Mwenye gereji alikuwa Mmalabari, Mhindi wa kusini, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alituambia kwa Kiarabu chake cha gereji: "Nilimuuliza, skuli vipi? Akasema imefungwa. Wiki ya kwanza nikaamini. Wiki ya sita nikasema, skuli gani hii, wamepoteza ufunguo?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini mkono anao. Anasikiliza injini. Wengi wanaigonga tu."

Miguu ya mwanetu ilikuwa imetokeza chini ya gari.

"Toka," mamake akasema.

Akatoka. Nilimwona akifanya jambo ambalo dadake alilifanya siku ya Qurum: alinitazama mimi, akamtazama mamake, akanitazama tena. Alikuwa akitafuta ufa. Mtoto wa umri ule huingia kwenye ufa wa wazazi wake kama mende, na siku zile kumi ufa ulikuwa mpana wa kupitisha ndege nzima. Kumbe alijua habari ya Unguja. Binamu zake walikwishamwambia.

"Baba, si nasafiri?" akasema. "Sasa skuli ya nini?"

"Husafiri," nikasema. "Nilikosea, mamako na mimi tumesahihisha."

"Na hapa huji tena kwa wizi," mamake akasema. "Skuli siku zote tano, mpaka cheti. Alkhamisi, siku isiyo na skuli, utakuja huku, tutakuleta siye wenyewe na kukurudisha siye wenyewe. Ukikosa skuli siku moja, Alkhamisi hamna."

"Nani kasema? Baba au weye?"

"Ndiyo," tukasema wote wawili kwa pamoja, na Mmalabari akacheka mpaka akavua miwani.

Hivyo ndivyo mwanangu alivyoshikwa mkono. Alishikwa Alkhamisi baada ya Alkhamisi, kwa zaidi ya miaka miwili, na mimi nimekaa juu ya pipa la mafuta tupu nikisoma gazeti, au mke wangu amekaa garini na chupa ya chai, akiwa ametoka kazini miguu imemvimba. Wala halikuwa jambo la kunyooka. Alianguka mtihani akarudia mwaka. Mara mbili alikosa skuli, tukamfungia Alkhamisi, akagoma kusema nasi wiki nzima. Alipata kumtolea mamake maneno ambayo sitayaandika. Tulikuwa na neno letu la siri: mmoja akiona subira yake imefika mwisho, humwambia mwenzake, "Pokea," kama wapokeanao jalada, akatoka nje kuvuta pumzi, na mwingine akaendelea pale pale mwenzake alipokomea. Palikuwa na wiki nilizosema "Pokea" kila siku. Palikuwa na mwezi mmoja ambapo yeye hakuweza kabisa, na nikabeba peke yangu. Sabla haikuwapo. Wanaume wa ukoo hawakuwapo. Hapana hata mmoja aliyekuja kukalia lile pipa.

Alipata cheti chake, si cha kujivunia, akasomea ufundi. Leo ana gereji yake hukohuko Ghala, na kofia ya bibi yake ameitundika ofisini ndani ya kioo. Kaka yangu hupeleka gari lake pale. Hutengenezewa, hushukuru, kisha akaenda kusimama mbele ya watu mia akasema ni yeye aliyemshika mkono.

Nilipomaliza kuandika hadi hapo, nilimpelekea mke wangu karatasi. Nilikwisha kutia saini yangu chini, na nilikuwa nimeacha mstari mmoja kwa ajili yake. Alivaa miwani akasoma polepole, akiwa ameketi kando ya friji ambayo si ile ya zamani, ila msumari ni uleule. Nilitarajia shukrani, nakiri. Alipofika ukurasa wa tatu akaweka kidole.

"Hapa. 'Mke wangu sikumwambia.' Hukunambia tu?"

"Sikukwambia. Ndivyo nilivyoandika."

"Nilikuuliza, bwana. Siku ya tatu nilifungua saraka, pasi haipo. Nikakuuliza. Ukanijibu ipo jawazati, ofisi ya pasi, yafanywa upya. Ukaongeza na kunambia foleni ilikuwa ndefu."

Foleni. Nilikuwa nimeisahau ile foleni, au nilikuwa nimeificha mahali ambapo hata mimi sikuiona. Nimeandika kurasa nzima nikimshtaki kaka yangu kwa uongo wa kipaza sauti, na wa kwangu, uliosemwa kwa sauti ya chini ndani ya chumba chetu, nikauita kunyamaza.

"Yule kasema uongo juu yangu kwa wageni," akasema. "Weye wako uliniambia mimi mwenyewe, usoni. Usiponiandikia hilo, sitii saini."

Kwa hiyo naandika. Siku ya tatu mke wangu aliniuliza pasi ya mtoto iko wapi, nami nilimjibu kwamba ipo jawazati inafanywa upya, na kwamba foleni ilikuwa ndefu. Haikuwa sahau wala kosa. Niliyeyasema ni mimi, na hapakuwa na kaka wala ami chumbani wa kunisukuma.

Alilisoma fungu hilo mara mbili, akatia saini yake kwenye mstari wake, kwa ile kalamu ya kufungwa kwa uzi. Nikamwambia kwamba Ijumaa hii, kwa kaka, baada ya chakula, nitaisoma karatasi hii kwenye sabla tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na foleni.

"Kasome," akasema, akinirudishia. "Na ule mlango wa ndani, kabla hujaanza, ufungue wote."